Kipanya, tachipadi au joistiki kwa kuchora nyumba kwenye JOSM?

ramani_tabata

Wakuu, habari za humu.

Tuna kikundi kinachora nyumba kutoka picha za setilaiti kwa JOSM, programu ya kuhariri ramani, kazi inapandishwa OpenStreetMap, ramani huria ya dunia. Laptopu ni za kawaida, skrini 1366 kwa 768, na wengi wanachora kwa tachipadi. Mtu akishachoka, kona za nyumba zinaanza kupinda hovyo na anayekagua anarudia kazi upya. Kabla hatujatoa hela ya vipanya, naomba wenye uelewa wanieleze: tofauti ya kipanya na tachipadi kwa kazi ya namna hii ni kubwa kweli au ni mazoea tu? Na joistiki je? Nauliza kwa sababu mwenzetu mmoja bega la kulia halina nguvu, hawezi kusukuma kipanya mezani kwa muda mrefu, ila vidole vyake viko sawa na joistiki ya gemu anaimudu vizuri. Tumfungie hiyo au kuna njia nyingine?

---

biti_kwa_sekunde

Mkuu, anza na swali moja: kifaa kinaipa kompyuta mahali au kasi?

Kipanya na tachipadi ni vya mahali. Mkono ukisogea, kishale kinasogea; mkono ukisimama, kishale kimesimama. Joistiki ni ya kasi. Ukiilaza, kishale kinaanza kutembea na hakisimami mpaka uirudishe katikati, kwa hiyo mtumiaji inabidi afunge breki kabla hajafika. Sasa tangu jicho lione mpaka kidole kijibu inapita kama sekunde 0.2. Kishale kikiwa kwenye mwendo wa pikseli 600 kwa sekunde, ndani ya muda huo kimeshakula pikseli 120. Ndiyo maana mwenye joistiki utamwona anapitiliza, anarudi, anapitiliza tena kidogo. Akipunguza mwendo ili asipitilize, anachelewa kufika. Hapo hakuna suala la uzembe, ndivyo kifaa kilivyo.

Hili limepimwa zamani. Mwaka 1978 Card, English na Burr wa maabara ya utafiti ya Xerox PARC walilinganisha kipanya, joistiki inayopima nguvu ya kusukuma, na vitufe, kwa kazi ya kuchagua maneno kwenye skrini. Kipanya kiliongoza kwa haraka, na makosa yake yalikuwa asilimia 5 wakati joistiki ilikuwa na 11. Baadaye kikaja kiwango cha ISO 9241-9 cha mwaka 2000, kilichopima vifaa hivi kwa biti kwa sekunde (namba ikiwa kubwa, kifaa kinalenga vizuri zaidi), kwa msingi wa kanuni aliyoitoa Paul Fitts mwaka 1954: ugumu wa kulenga unatokana na uwiano wa umbali na upana wa shabaha. Jaribio la MacKenzie, Kauppinen na Silfverberg la 2001 lilipata kipanya 4.9, mpira wa kuzungusha (trackball) 3.0, tachipadi 2.9, joistiki 1.8.

Tuzipeleke namba hizo kwenye kazi yenu. Kwenye zumu ya 19, yaani kiwango cha kuvuta ramani karibu, huku kwetu karibu na ikweta, pikseli moja ni kama sentimita 30. Nyumba ya mita 8 ni pikseli 27. Tuseme mnavumilia kosa la pikseli 3 kila upande wa kona, maana yake shabaha ina upana wa pikseli 6. Kutoka kona ya nyumba moja hadi nyumba nyingine iliyo pikseli 400 mbali: gawa 400 kwa 6, ongeza 1, chukua logi ya msingi 2, unapata biti 6.1. Kwa kipanya ni sekunde 1.2, tachipadi 2.1, joistiki 3.4. Kwa kona nne za nyumba moja, zidisha kwa nne.

Kwa hiyo ndiyo, tofauti ni kubwa. Ni karibu mara mbili, na hapo hujahesabu muda wa kubofya wala kurekebisha.

---

kona_mraba

Hesabu ya mkuu hapo juu ni nzuri ila kuzidisha kwa nne kunaikuza. Umbali wa pikseli 400 unausafiri mara moja tu, kwenda kona ya kwanza. Kona tatu zinazobaki ziko pikseli 27 kutoka moja hadi nyingine, hiyo ni kama biti 2.5 kila moja. Jumla ya nyumba ni biti 13.5 hivi: kipanya sekunde 2.7, tachipadi 4.6, joistiki 7.5. Uwiano haubadiliki, lakini muda ni pungufu ya ule wa kuzidisha kwa nne.

Jambo jingine ambalo wengi hawaliangalii: kuvuta picha karibu hakupunguzi ugumu kwa kanuni hiyo. Ukizumu mara mbili, shabaha inakuwa mara mbili na umbali nao mara mbili, uwiano ni uleule. Faida yake ni kwa macho, na kwa tachipadi ambayo haiwezi kusogeza kishale pikseli moja moja bila kuruka. Hasara ni kwamba nyumba ya pili inatoka nje ya skrini, unaanza kuburuta ramani. Kwa skrini yenu ya 1366, zumu ya 19 au 20 inatosha. Zaidi ya hapo mnaburuta kuliko kuchora.

Halafu kona kupinda kuna dawa yake ndani ya JOSM kwenyewe. Chagua nyumba, bonyeza Q, kona zinakaa nyuzi 90. Au wekeni programu-jalizi ya buildings_tools: bonyeza B, shikilia kitufe cha kushoto uburute upande wa kwanza wa nyumba, achia, tanua upande wa pili, bofya. Nyumba imekamilika na ni mraba tayari. Mmepunguza pointi moja na mmeondoa kona mbovu zote za nyumba za mstatili.

Ila hapo ndipo tachipadi inapofia. Kuburuta huku umeshikilia kitufe kwa kidole kimoja ni kazi, kidole kinafika ukingoni upande wa nyumba haujaisha. Na JOSM inasogeza ramani kwa kuburuta kitufe cha KULIA, jambo ambalo kwa tachipadi ni mateso. Wanaobaki na tachipadi wasogeze ramani kwa Ctrl na mishale ya kibodi.

---

fundi_bodi

Naongezea upande wa vifaa vyenyewe, maana mara nyingi mtu analaumu tachipadi kumbe tatizo ni chaja.

Tachipadi za laptopu ni za kapasita. Chini ya lile bamba kuna gridi ya nyaya nyembamba za shaba, chipu inapima umeme tuli kati yake, kidole kikikaribia kipimo kinashuka. Vitu vitatu vinaivuruga. Cha kwanza jasho: kidole chenye maji kinaacha alama ambayo chipu inaihesabu kama kidole kingine, kishale kinaruka. Kitambaa kikavu kiwe mezani, basi. Cha pili chaja isiyo na waya wa ethi. Chaja ya plagi ya pini mbili, au adapta iliyochomekwa bila pini ya ethi kugusa chochote, inaacha kelele ya umeme kwenye mwili wa laptopu, na kelele hiyo inapita kwenye kidole. Kipimo chake ni rahisi: kishale kikitetema, chomoa chaja. Kikitulia hapohapo, tatizo ni umeme. Tumia chaja yenye waya wa matundu matatu kwenye kichwa chake, na soketi yenye ethi ya kweli. Kwenye jenereta ndogo au inveta za bei rahisi, afadhali kuchora kwa betri na kuchaji wakati wa mapumziko.

Cha tatu ndicho cha kuogopa. Tachipadi ikianza kugoma kubofyeka, au ukiona bamba limeinuka upande mmoja, usiibonyeze kwa nguvu. Laptopu nyingi za sasa betri imelala chini ya hapo, na betri iliyovimba inaisukuma tachipadi kutoka chini. Zima, usichaji tena, ifunguliwe na itolewe. Usiitoboe hata kidogo.

Kuna na hili la kona kusogea pikseli mbili tatu wakati wa kubofya. Mtu anayegonga-gonga bamba ili kubofya, akinyanyua kidole sehemu inayogusa inapungua kutoka upande mmoja, na chipu inaona kama kidole kimesogea. Kishale kinahama kabla kubofya hakujasajiliwa. Zimeni kubofya kwa kugonga, tumieni vitufe halisi kama laptopu inavyo, kidole cha mkono mwingine ndicho kibonyeze. Kona zenu nyingi zilizopinda zitanyooka hapo, kabla hamjanunua chochote.

Kipanya nacho kina yake. Cha mwanga kinapiga picha ndogo za meza maelfu kwa sekunde na kulinganisha moja na inayofuata. Meza ya kioo haina cha kupigwa picha, kishale kinagoma au kinaruka. Weka karatasi ya A4 au kipande cha manila, kazi inaendelea. Kishale kikitetema wakati kipanya kimetulia, geuza uangalie lile tundu chini: unywele mmoja tu ukikaa mbele ya lenzi unatosha. Toa kwa kibano au pulizia, usichokonoe kwa pini.

Kipanya kinachobofya mara mbili wakati umebofya mara moja, swichi yake ndogo ndani imechoka. Bati la ndani limepoteza mkunjo au sehemu ya kugusana imepata kutu. Kwa JOSM hilo ni balaa, kwa sababu kubofya mara mbili kunafunga mstari ulipo. Swichi inabadilishwa kwa kufungua skrubu, mara nyingi zimejificha chini ya vipande vya plastiki nyeusi vya kutelezea, kisha kuyeyusha risasi ya kulehemu kwenye miguu yake mitatu na kuweka nyingine ya umbo hilohilo. Kama huna risasi na mkono mwepesi, nunua kingine.

Vya bila waya: kipokezi chake kikichomekwa pembeni ya flashi au diski ya USB 3, kishale kinakwama-kwama. USB 3 inatoa kelele kwenye masafa yaleyale ya 2.4 GHz ambayo kipanya kinatumia. Hamisha kipokezi upande wa pili wa laptopu, au kitoe kwa waya mfupi wa kuongezea. Kwa kikundi ningechukua vya waya, havihitaji betri na kipokezi hakipotei.

Joistiki za gemu ndani yake zina volyumu mbili kwa kila kijiti, moja ya kulia na kushoto, nyingine ya juu na chini, aghalabu za kilo-omu 10. Ni kama volyumu ya redio: kidole cha chuma kinasugua njia ya kaboni. Ikichakaa katikati, ambako ndiko kijiti kinakaa muda mwingi, kompyuta inasoma kwamba kijiti kimelala kidogo hata ukiwa umekiachia, na kishale kinatembea chenyewe. Kuna zinazotumia sumaku na kihisi cha Hall, hazisuguani, na zinakaa muda mrefu zaidi. Kwa mtu atakayeitumia kila siku hiyo ndiyo ya kutafuta.

---

tiba_kazi

Najibu la huyo mwenzenu, ndugu, maana wachangiaji wamelipita.

Namba za biti kwa sekunde zinatoka kwa watu ambao mikono yao haina tatizo. Kipanya kinahitaji bega na kiwiko vishirikiane kubeba mkono mezani. Kwa mtu ambaye bega halina nguvu, kile cha 4.9 kinaweza kuwa cha chini kabisa baada ya dakika ishirini, kwa sababu ya uchovu. Joistiki ya kidole gumba haidai bega kabisa. Lakini kabla ya joistiki mjaribisheni mpira wa kuzungusha. Nao unatoa mahali, sio kasi, msingi wake hausogei, mkono unalala mezani na vidole ndivyo vinavyofanya kazi. Kwa maelezo uliyotoa, bega dhaifu na vidole vizima, ndio wa kwanza kwenye orodha yangu.

Akibaki na joistiki, mambo ya kurekebisha ni haya. AntiMicroX ni ya bure, inageuza kijiti kuwa kishale kwenye Windows na Linux. Eneo mfu, yaani sehemu ya katikati ambayo kijiti kikiwa hapo kishale hakisogei, anzeni na asilimia 10, muongeze kidogo kidogo mpaka kishale kitulie kikiachwa. Mkilifanya kubwa mno anapoteza mwendo mdogo, nao ndio anaouhitaji kwenye kona. Mkondo wa kasi usiwe wa mstari ulionyooka. Chagueni wa mraba: kijiti kikiwa nusu, kasi inakuwa robo. Kama juu kabisa ni pikseli 600 kwa sekunde, nusu inampa 150, na hapo kupitiliza kunashuka hadi pikseli 30 hivi kwa lile pengo la sekunde 0.2. Robo ya kijiti inampa chini ya 40, hapo anaweza kusimama kwenye kona.

Tenganisheni kulenga na kubofya. Kidole kinachosukuma kijiti kikibonyeza kitufe kwenye mkono huohuo, kijiti kinatikisika. Bofya iwe mkono wa kushoto: kitufe chochote cha kibodi, au swichi kubwa ya pembeni. Swichi hiyo mnaweza kuitengeneza wenyewe kwa kitufe cha kubonyeza-na-kuachia na plagi ya milimita 3.5 ya njia moja. Waya mmoja kwenye ncha ya plagi, mwingine kwenye shina. Xbox Adaptive Controller iliyotoka 2018 ina matundu ya plagi hizo, na vifaa vingine vya aina hiyo vinazipokea pia. Kama mkono wa kushoto nao hauwezi, kuna programu za kubofya kwa kutulia, kishale kikikaa sehemu moja kama sekunde moja kinabofya chenyewe. Kwa kuchora nyumba ni ya kuchosha, ila inafanya kazi.

Kijiti kifungwe. Joistiki inayoteleza mezani inamrudisha kwenye bega. Ubao wenye vibano viwili kwenye ukingo wa meza, kiwiko kikiwa nyuzi kama 90 na mkono wote umelala juu ya kitu.

---

biti_kwa_sekunde

Nakubaliana na tiba_kazi, na kona_mraba amenisahihisha vizuri.

Niongeze kimoja. Joistiki haifai kulenga, lakini kusogeza ramani inaiweza kuliko kipanya, kwa sababu kutembeza picha ni kazi ya kasi hasa: unalaza, ramani inatiririka, unaachia, inasimama, wala huna pikseli ya kupiga. Kwa hiyo mpira mkono wa kulia kwa kishale, kijiti mkono wa kushoto kimefungwa kwenye Ctrl na mishale. Hapo hata anayechora kwa kipanya anaweza kumwonea wivu. Ndiyo sababu wanaochora vitu vya pande tatu wanakuwa na kitu kama joistiki mkono wa kushoto cha kugeuza umbo na kipanya kulia.

---

ramani_tabata

Asanteni sana wakuu. Kubofya kwa kugonga tunazima leo kwenye mashine zote, na buildings_tools tunaiweka. Mpira tutamtafutia mwenzetu. Kwa vipanya, muuzaji ananiambia chukua vya DPI 3200 kwa sababu ni sahihi zaidi kuliko vya 800. Ni kweli?

---

fundi_bodi

Hapana. DPI ni idadi ya hatua kwa inchi moja ya mkono, usahihi wa kihisi ni suala jingine. Kwenye 800, ukiwa na Windows kasi iko katikati, alama ya sita kati ya kumi na moja, na ile ya kuongeza usahihi wa kishale imezimwa, hatua moja ni pikseli moja. Skrini ya 1366 unaimaliza kwa milimita 43 za mkono. Kwa 3200 unaimaliza kwa milimita 11, na hapo kutetemeka kidogo tu kwa mkono kunaonekana kwenye kona. Vingi vya bei ya chini vinavyoandikwa 3200 kihisi chake hakifiki hapo, namba inakuzwa na chipu. Vya 800 hadi 1200 vinawatosha.

Dukani omba wakuchomekee kwenye laptopu yako, usikubali kuangalia taa tu. Fungua programu yoyote ya kuchora, chora mstari mrefu wa mshazari polepole, uone kama unatoka na ngazi-ngazi au mikato. Shikilia kitufe cha kushoto uburute skrini nzima mara kadhaa. Mstari ukikatika katikati, swichi haishiki, usikichukue. Zungusha gurudumu taratibu kwenda chini, lisirudi juu hata hatua moja. Na angalia waya pale unapoingilia kwenye kipanya, ndipo vinapokatikia: uwe na kile kipande cha mpira cha kuuzuia usipinde.